Gari Linatoa Moshi na Kunywa Oili: Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo na wakulima na madereva wa magari ya vikundi, Bariadi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya moshi. Siyo moshi wa jikoni. Ni moshi wa gari, pamoja na ndugu yake ambaye ni oili inayopungua kila siku bila mtu kujua inakwenda wapi.

Magari ya vikundi vyetu hapa Simiyu mengi ni makuukuu. Ni pikapu za Toyota na vilori vidogo ambavyo vimetembea sana Japani, kisha vikaja kutembea tena kwetu. Msimu wa pamba gari linabeba pamba. Siku ya gulio linabeba mahindi, mpunga na mbuzi. Usiku mtu akiugua, ni hilo hilo linaloamshwa. Gari la namna hiyo likianza kutoa moshi, maneno yanakuwa mengi. Jirani anasema injini imekwisha. Dereva anasema ni mafuta mabaya. Fundi wa kwanza anapita, anatazama nyuma ya gari mara moja tu, anasema, "Hii ni ovaholi, leteni hela." Basi kikundi kinakaa kikao, na ng'ombe wanne wanapelekwa mnadani.

Huenda fundi yule amesema kweli. Huenda hakusema kweli. Sisi tunachosema leo ni hiki: kabla ng'ombe hawajaondoka zizini, zipo njia za kupima, na nyingi hazihitaji hela. Zinahitaji macho, pua, saa, kalamu na daftari. Kusoma na kuandika mnakujua, kwa hiyo kazi hii mnaiweza.

Kwanza tuelewane ndani ya injini mna nini. Mnakijua kinu na mchi. Silinda ni kama kinu, na pistoni ni kama mchi unaopanda na kushuka ndani yake. Lakini mchi wetu unacheza ndani ya kinu, na pistoni haitakiwi kucheza. Kwa hiyo imevishwa ringi za chuma, mara nyingi tatu. Zile za juu zinazuia nguvu ya moto isitoroke kwenda chini. Ile ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha chini. Juu ya silinda kuna milango, ndiyo valvu. Mlango mmoja unaingiza hewa, mwingine unatoa moshi. Kila valvu ina fimbo yake, na fimbo hiyo imevishwa kofia ndogo ya mpira iitwayo sili, ili oili ya juu isiteremke mle ndani ya moto.

Basi oili ina mahali pake na moto una mahali pake. Oili ikiingia kwenye moto, inaungua. Ikiungua, inatoka nyuma kama moshi.

Lakini msikimbilie moshi. Anzeni na swali hili: oili inaungua au inavuja? Wengi wanaruka hatua hii. Osheni injini chini, ikauke. Jioni egesheni gari mahali palipo sawa, tandikeni boksi lililokunjuliwa au gazeti kuukuu chini ya injini. (Gazeti hili pia linafaa, ila lisomeni kwanza.) Asubuhi tazameni. Doa likiwa chini ya bolti ya kumwagia oili, au chini ya filta, au pale injini inapokutana na giaboksi, mmepata jibu. Mara nyingine gari halivuji likilala, linavuja likitembea tu. Hapo mtaona tumbo la gari limelowa oili, na vumbi limegandamana nalo kama uji. Gasketi ya mfuniko wa juu wa injini ikichoka hufanya hivyo sana, na kuibadili ni kazi ndogo.

Kama hakuna doa na tumbo ni kavu, sasa twende nyuma ya gari.

Moshi una rangi, na kila rangi ina habari yake. Utazameni mchana, mtu mmoja ndani akikanyaga mafuta, mwingine amesimama kando, asiwe nyuma kabisa. Moshi mweusi ni mafuta yanayoungua vibaya. Ama hewa haitoshi kwa sababu eya klina imeziba, ama mafuta yanaingia mengi kupita kiasi. Kwa gari la dizeli, nozeli zilizochoka huleta moshi huo. Mweusi haukuhusu ringi za pistoni, na mtu akitaka kufungua injini yote kwa sababu ya moshi mweusi, mwambieni kwanza afungue eya klina.

Moshi mweupe ni wa kuangalia kwa makini. Asubuhi ya baridi gari la petroli hutoa mvuke mweupe kidogo, na maji hudondoka kwenye bomba la eksozi. Huo ni wa kawaida, unakwisha injini ikipata moto. Gari la dizeli linaweza kutoa mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi likiwa baridi. Lakini mweupe mzito usiokwisha, na huku maji ya rejeta yanapungua kila siku, maana yake maji yanaingia kwenye silinda. Gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Chomoeni upimo wa oili mtazame: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, msiendeshe tena hata hadi dukani. Na mfuniko wa rejeta msiufungue injini ikiwa na moto. Maji yale yanaruka yakichemka, na yameunguza nyuso za watu.

Moshi wa samawati, ule unaoelekea rangi ya anga, ndio moshi wa oili. Una harufu yake, na ukikaa nyuma ya gari hilo macho yanawasha. Huu ndio tutaongea nao kwa kirefu.

Msiulize tu kama upo. Ulizeni unatoka SAA NGAPI. Gari lililala usiku kucha. Asubuhi linapowashwa linatoa wingu moja la samawati, kisha baada ya dakika moja au mbili linanyamaza, linakwenda vizuri mchana kutwa. Hizo ni sili za valvu. Usiku oili imeteremka tone tone kupitia mipira iliyokauka, imekaa juu ya pistoni ikingoja moto. Vivyo hivyo mkiteremka mlima mrefu mguu umeuachia mafuta, kisha chini mkikanyaga linatoa wingu: ni sili, au bomba dogo ambamo fimbo ya valvu hupita limelika. Lakini kama moshi unatoka gari likiwa na mzigo, likipanda, likivuta tela, na kadiri unavyokanyaga ndivyo unavyozidi, basi mawazo yaende kwenye ringi na silinda.

Tofauti hii ni ya hela nyingi. Sili ni mipira midogo. Fundi mzuri katika injini nyingi anaweza kuibadili bila hata kushusha injini, na katika nyingine bila kuinua hedi. Ringi ni kufungua kila kitu. Tulipata kuona gari la kikundi kimoja ambalo lilihukumiwa ovaholi. Wanachama walikuwa wameshachanga nusu. Mama mmoja, mtunza hazina, ndiye aliyeuliza mbona moshi wenyewe anauona asubuhi tu anapokwenda kisimani, na jioni gari likirudi na gunia zake halitoi kitu. Zilibadilishwa sili, na gari likamaliza msimu.

Kipimo kingine ni cha mfuniko. Injini ikiwa na moto na inanguruma taratibu, fungueni polepole mfuniko wa kuongezea oili. Hewa kidogo ikipumua ni kawaida. Ikitoka kwa nguvu, puff, puff, kama bomba la jiko la matofali, basi nguvu ya moto inapita kando ya pistoni na kushuka chini. Ni dalili ya ringi. Lakini ngoja! Kabla ya kusema hivyo, tazameni ule mpira mdogo unaotoa pumzi ya injini na kuipeleka upande wa eya klina. Ukiziba kwa uchafu, injini yenye ringi nzuri nayo itapumua kwa nguvu, itasukuma oili nje kwenye sili na kuila vile vile. Kuusafisha ni kazi ya robo saa. Mnapofanya kipimo hiki fungeni mikono ya mashati, na akina mama kanga zisining'inie. Feni na mikanda yake havina huruma.

Sasa kipimo cha fundi, ambacho mnatakiwa mkijue ili asiwapite. Kinaitwa kupima kompresheni. Fundi anachomoa plagi zote, anazima njia ya mafuta na ya moto, anafunga geji kwenye kila tundu na kuzungusha injini kwa stata, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka chini. Kila silinda inatoa namba. Ziandikeni ninyi wenyewe. Tuseme gari la petroli la silinda nne limetoa 150, 148, 90 na 145. Silinda ya tatu ni mgonjwa. Mwambieni fundi atie kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la silinda hiyo, apime tena. Namba ikipanda kutoka 90 hadi 130, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ringi au silinda imelika. Ikibaki pale pale, hewa inatorokea juu: valvu haifungi vizuri, au gasketi ya hedi. Kwa dizeli geji yake ni nyingine na namba ni kubwa zaidi, na mambo ya kutia oili msiyafanye. Nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo sana, oili ikijaa mle inaweza kuvunja kitu.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata mafundi wengine hulisahau. Namba zikiwa nzuri zote nne, bado gari linaweza kunywa oili. Sili za valvu hazionekani kwenye geji kabisa. Na ile ringi ya chini inayokwangua oili ikigandamana na masizi, kwa sababu oili haikubadilishwa kwa muda mrefu, ringi za juu zinaendelea kushika nguvu na geji inasema mambo ni mazuri. Ndiyo maana tunasema vipimo visomwe pamoja: saa ya moshi, mfuniko, geji, na plagi. Plagi iliyolowa oili nyeusi inaonyesha silinda ipi inakunywa.

Gari la dizeli lenye taabo nalo lina mlango wake wa ziada. Fungueni bomba la hewa linalotoka kwenye taabo. Unyevu kidogo wa oili si kitu, lakini oili ikiwa inatiririka, taabo imechoka. Jambo hili lisingoje msimu uishe. Dizeli inaweza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta, ikazidi kupiga kelele na isizimike hata ukichomoa ufunguo.

Turudi kwenye daftari. Kila gari la kikundi liwe na daftari la oili. Gari likiwa mahali pa sawa, injini imezimwa kama dakika 10, chomoa upimo, ufute, urudishe, uchomoe tena, usome. Jazeni hadi alama ya juu, msipite. Oili ikizidi, inachapwa na shafti mpaka inatoka povu na kuingia kwenye pumzi ya injini, na hapo mtakuwa mmejitengenezea moshi wenyewe. Kisha andikeni tarehe na kilomita. Mfano: tarehe 3 Juni, kilomita 214,300, imejaa. Tarehe 24 Juni, kilomita 215,300, imeongezwa lita moja na nusu. Hiyo ni lita moja na nusu kwa kilomita 1,000. Kama mita ya kilomita imekufa, na nyingi zimekufa, hesabuni safari. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni karibu kilomita 72. Kwenda na kurudi mara 7 ni kama kilomita 1,000.

Sasa, kiasi gani ni kingi? Vitabu vya watengenezaji wengi wa magari huvumilia mpaka karibu lita moja kwa kilomita 1,000, ingawa injini nzima kabisa hunywa kidogo sana kuliko hapo. Sisi tunatazama zaidi kama kiasi kinaongezeka. Gari linalokunywa lita moja mwaka huu na mwaka jana si sawa na lile lililokunywa nusu lita mwezi wa tano na lita mbili mwezi wa saba. Na oili ikiongezeka kwenye upimo bila mtu kuiongeza, hiyo siyo baraka. Ni maji au dizeli imeingia.

Tufanye hesabu. Tuseme gari linakwenda kilomita 1,500 kwa mwezi na linakunywa lita moja na nusu kwa kila 1,000. Ni lita mbili na robo kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 12,000. Kwa mwezi ni 27,000, kwa mwaka 324,000. Fundi anataka, tuseme, 2,500,000 kwa ovaholi. Hela hiyo inanunua oili ya kuongeza kwa zaidi ya miaka 7. Kwa hiyo moshi peke yake haujatosha kumuuza ng'ombe. Lakini kama gari pia limepoteza nguvu, asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, linakula petroli kuliko zamani, na kompresheni imeanguka, hapo ovaholi ni halali. Ipangeni baada ya pamba kuuzwa, siyo katikati ya msimu.

Wakati wa kungoja, tumieni oili nzito kidogo ambayo kitabu cha gari kinairuhusu, kwa mfano 20W-50 kwa injini nyingi kuukuu za petroli. Nunueni iliyofungwa vizuri yenye alama ya TBS. Oili ya pipa isiyojulikana imetoka wapi ni hasara. Zile chupa za dawa ya kukomesha moshi hatuzipendi. Hazikuzi chuma kilicholika. Na oili ya gia ndani ya injini ni kuiua. Upimo utazamwe kila asubuhi, kwa sababu taa nyekundu ya oili haisemi oili imepungua. Inasema nguvu ya oili imeanguka, yaani umeshachelewa. Ikiwaka njiani, zima papo hapo, hata kama umebakiza kilomita mbili.

Mtatuuliza injini hizi zinalika na nini. Hapa kwetu jibu kubwa ni vumbi. Kutoka Juni mpaka mvua za vuli barabara za vijijini ni unga mtupu, na gari la pamba likifuata lori linavuta unga huo. Vumbi likipita eya klina linakuwa msasa kati ya ringi na silinda. Wiki chache tu zinatosha kumaliza ringi mpya. Eya klina ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, siyo kinyume, na ikitoboka itupwe. Tazameni pia mpira unaotoka hapo kwenda kwenye injini. Ukipasuka, eya klina nzuri haina faida, kwani injini inavutia pale penye ufa.

Kwa wale wanaotaka kununua gari la mkono wa pili kwa hela ya pamba: mwambieni mwenye gari mtafika saa 4, kisha fikeni saa 12 na nusu asubuhi. Wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiwasha kabla yenu, na lile wingu la asubuhi ameshalitoa. Msinunue siku hiyo. Chomoeni upimo, tone la oili likigandamana kama asali wakati wa asubuhi, huenda ametia kitu kizito kuficha moshi. Pitisheni kidole ndani ya bomba la eksozi likiwa baridi. Masizi makavu si kitu. Masizi yenye mafuta yanayonata yanasema mengi kuliko mwenye gari.

Tuliulizwa kabla ya kuanza kama moshi huu una madhara kwa watu. Ndiyo. Msiwashe gari ndani ya chumba au banda lililofungwa, hata kama halitoi moshi wa kuonekana. Ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu, na inaua mtu kimya. Bomba la eksozi lililotoboka chini ya bodi huingiza sumu hiyo kwenye kabini, dereva anaumwa kichwa akidhani ni jua. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, kwa hiyo msishangae trafiki akilisimamisha.

Oili chafu mnayomwaga isiende kisimani wala mtoni, na isipakwe kwenye vidonda vya watu au ng'ombe. Wekeni kwenye dumu lenye mfuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Na gari likisharudi kutoka ovaholi, ombeni ringi na pistoni za zamani mziangalie kwa macho. Mzione ni za kwenu. Kilomita 1,000 za kwanza msilibebeshe mzigo mkubwa, msilikimbize, wala msiliache linanguruma saa nzima bila kwenda. Kisha mwageni oili ile, kwa kuwa ina vumbi la chuma kipya, badilisheni filta, na fungueni ukurasa mpya kwenye daftari. Juu yake andikeni tarehe, kilomita, jina la fundi na hela aliyolipwa.